Mlevi: Ni Mkosefu au Ni Mgonjwa?

Mnyororo usioonekana

Wazee wa Kasongo na Kabambare walipokea kwa babu zao habari za njia ya watumwa. Njia hiyo ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikashuka hadi ziwa Tanganyika, ikavuka mpaka Ujiji, na kutoka huko ikaelekea pwani na Unguja. Watu walitembea mmoja nyuma ya mwingine, shingo zao zimefungwa kwa mnyororo au kwa gongo la panda, na wengi wao walichukua pembe za ndovu mabegani. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Mapadri Weupe, alizunguka katika miji mikubwa ya Ulaya akihubiri juu ya mateso hayo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1890, wajumbe wa mataifa walitia sahihi mkataba katika mji wa Brussels. Mkataba huo mmoja ulipinga biashara ya watumwa, na ndani yake ukazuia pia bunduki na vileo vikali visiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Wajumbe wale hawakuwa watakatifu wote, lakini katika jambo hili waliona sawa: mnyororo na chupa ni ndugu.

Njia ya watumwa imekwisha kufunikwa na majani, wala hakuna msafara upitao tena. Hata hivyo mtumwa angalipo kijijini. Hakununuliwa na mtu, wala hakuna amwonaye na mnyororo shingoni. Asubuhi hulima kama wengine, huwaamkia watu kwa heshima, huwapenda watoto wake. Lakini jua likianza kushuka, kuna kitu kimvutacho. Huenda aliapa alfajiri kwamba leo hatakwenda. Jioni miguu yake yaenda. Bwana wake ni kileo, au ni bangi, au ni dawa nyingine yoyote ilevyayo akili. Juu ya mtumwa huyu watu huulizana swali lililo gumu kuliko linavyoonekana: je, huyu ni mkosefu, au ni mgonjwa?

Mkatekumeni aliyeanguka

Na afikiriwe mtu mmoja wa kijiji kimojawapo cha Lusangi. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa kila kijiji kina mtu wa namna yake. Huyu yu katika mwaka wa tatu wa ukatekumeni. Sala azijua, amri azijua, na katika mafundisho hujibu vizuri kuliko vijana. Siku ya Jumatano ya Majivu aliahidi mbele ya mkewe na mbele ya mkatekista kwamba ameacha lotoko. Akatimiza ahadi yake Kwaresima nzima. Pasaka ikapita, naye mzima. Mkewe akaanza kuimba tena akitwanga.

Kisha mjomba wake akafa. Kwenye matanga, usiku wa pili, ndugu mmoja wa marehemu alimletea kikombe, akamwambia, «Mpwa wangu, utamlilia mjomba wako na koo kavu?» Akaona haya kukataa. Kikombe kile kikaita kingine. Siku tatu hakuonekana nyumbani. Aliporudi, jembe la mkewe lilikuwa limekwisha kuuzwa. Siku ya nne, asubuhi na mapema, alisimama mlangoni pa mkatekista, mikono ikimtetemeka, akasema, «Baba, nimeanguka. Futa jina langu katika daftari.»

Mkatekista amjibu nini? Kabla ya kumjibu, hana budi kujua aliyesimama mbele yake ni nani.

Majibu mawili ya wazee

Habari hiyo ilipofika barazani, wazee wawili walishindana. Mzee wa kwanza alisema, «Huyu ni mkosefu tu. Nani alimfumbua kinywa kwa nguvu? Mtakatifu Paulo amewataja walevi pamoja na wezi. Jina lake lifutwe, lisije likawachafua wenzake.»

Mzee wa pili alisema, «Ndugu yangu, huyu ni mgonjwa. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mwenye malaria haambiwi kwamba ana dhambi. Mwacheni anywe, hakuna la kufanya.»

Maneno hayo mawili yaonekana kupingana kabisa, lakini mwisho wake ni mmoja. Neno la kwanza lamfukuza mtu. Neno la pili lamwacha. Aliyefukuzwa na aliyeachwa wote wawili hubaki peke yao na chupa. Kwa hiyo yafaa kuchunguza ni wapi kila mzee amesema kweli, na ni wapi amekosa.

Kileo chenyewe si shetani

Kwanza ijulikane kwamba Kanisa halifundishi kuwa kinywaji ni kiovu kwa asili yake. Bwana wetu Yezu Kristu aligeuza maji kuwa divai katika harusi ya Kana, tena aliichagua divai iwe kitu cha Sadaka takatifu. Malafu yatokayo katika mchikichi ni kipaji cha Mungu. Mgema ayateremshapo asubuhi ni matamu, hata mtoto aweza kuonja. Yakikaa mpaka jioni huwa makali. Mti ni ule ule, na kibuyu ni kile kile. Ndivyo ilivyo katika mambo ya kunywa: uovu hauko katika kitu, bali katika kupita kiasi. Kwa sababu hiyo Kanisa lahesabu kiasi kuwa mojawapo ya fadhila kuu nne, pamoja na busara, haki na nguvu.

Hata hivyo kinachoanza kama mchezo chaweza kuishia utumwani. Mtakatifu Monika alikuwa Mwafrika wa Tagaste, mji ulioko leo katika nchi ya Aljeria. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, amesimulia katika kitabu chake cha Maungamo kwamba Monika alipokuwa binti mdogo alitumwa kuteka divai pipani. Mara ya kwanza aliigusa kwa ncha ya midomo tu, kwa utundu wa kitoto. Kila siku akaongeza kidogo, hata akazoea kunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Siku moja mjakazi aliyezoea kwenda naye aligombana naye, akamtukana kwamba ni mlevi. Tusi hilo likamchoma moyo. Akajiona alivyo, akaacha palepale.

Katika habari hii mna mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba hata mtakatifu aweza kuanza vibaya. La pili ni kwamba Monika hakujifungua mwenyewe: alihitaji sauti ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo alisema kwa hasira. Lakini Monika alikuwa angali mwanzoni. Mnyororo wake ulikuwa na pete chache. Wako wengine ambao pete zao ni nyingi, na neno moja haliwatoshi.

Jinsi mnyororo unavyofuliwa

Mtakatifu Augustino aliijua mwenyewe kazi ya mnyororo huo, si kwa ulevi, bali kwa tamaa nyingine za ujana wake. Amefundisha kwamba nia iliyopotoka huzaa tamaa; tamaa ikitumikiwa huzaa mazoea; na mazoea yasipopingwa huwa lazima. Mhunzi hafui mnyororo kwa pigo moja. Hufua pete, akaitia katika pete ya jana, na kila pete pekee yaonekana nyepesi.

Waganga wa siku hizi wamethibitisha katika mwili yale ambayo Augustino aliyaona katika roho. Mtu anywaye sana kila siku huubadilisha mwili wake. Ubongo huzoea kufanya kazi ndani ya kileo, kama samaki alivyozoea maji. Kileo kikikosekana, mwili walia: mikono yatetemeka, jasho latoka, usingizi wakimbia, tumbo lachafuka. Hapo mtu hanywi tena kwa furaha; anywa ili mikono itulie. Marafiki zake wafikiri anatafuta anasa, kumbe anatafuta nafuu. Ndiyo sababu mwaka 1956 chama kikubwa cha waganga wa Marekani kilikiri kwamba ulevi wa namna hii ni ugonjwa wa kutibiwa, si tabia mbaya tu.

Lotoko huzidisha hatari hiyo. Hupikwa kwa mahindi na muhogo uliochachuka. Mvuke wake hupita katika bomba na kugeuka kuwa maji makali. Ikipikwa ovyo yaweza kuwa na sumu ya kupofusha macho, hata ya kuua. Tena huuzwa kwa bei ndogo, nayo hulevya upesi kuliko malafu. Penye machimbo ya dhahabu, kama vile Namoya na Salamabila katika eneo la Kabambare, kijana aweza kupata fedha kwa siku moja na kuimaliza kwa usiku mmoja. Tena nchi ya Maniema imeona vita, mwaka 1996 na tena kuanzia mwaka 1998. Na mtu aliyeona mabaya mengi hutafuta kitu cha kumsahaulisha. Hayo yote hayamwondolei mtu nia yake, lakini yaeleza kwa nini wengine hufungwa upesi kuliko wengine.

Basi mzee wa pili amesema kweli nusu: kuna ugonjwa.

Hatia iko wapi?

Katekisimu yafundisha kwamba dhambi ya mauti yahitaji mambo matatu: jambo lenyewe liwe kubwa, mtu ajue vema, na akubali kwa moyo wake wote. Kulewa kwa kusudi hata kupoteza akili ni jambo kubwa, kwa maana akili ni taa ambayo Mungu ameiwasha ndani ya mtu. Lakini Kanisa lafundisha pia, na Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yasema wazi, kwamba mazoea yaliyokaza yaweza kupunguza hatia ya mtu, au hata kuiondoa, kwa sababu yadhoofisha hiari yake. Mtu avutwaye kwa mnyororo hatembei kama atembeaye kwa hiari yake.

Je, hii ni kusema kwamba mlevi hana hatia? Sivyo. Aliyekipenda chanzo, akijua mwisho wake, hawezi kusema kwamba mwisho haumhusu. Mtu aliyejifunga mwenyewe pete baada ya pete, huku akionywa na mkewe na mama yake, atajibu kwa ajili ya pete zile. Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo, nalo ni saa ya asubuhi.

Kila mtumwa wa kileo anayo saa yake. Kwa mmoja ni alfajiri, ajapoamka na kuona watoto wamelala njaa. Kwa mwingine ni saa ya Misa, au siku ya mazishi ya mlevi mwenzake. Katika saa hiyo mnyororo hulegea kidogo, na mtu hujiona alivyo. Hapo watu wamezoea kumwuliza, «Je, waweza kuacha?» Naye, akiwa mtu wa kweli, hujibu, «Siwezi.» Lakini swali hilo si lake. Swali ambalo Mungu amwuliza katika saa hiyo ni jingine: «Je, wakubali kufunguliwa?» Mtumwa haulizwi kama anazo nguvu za kukata chuma kwa meno. Aulizwa kama atainyosha mikono yake ili mwingine amfungue.

Hapa ndipo mzee wa kwanza na mzee wa pili wakutanapo. Mwenye malaria hana hatia ya homa yake. Lakini akipewa dawa akaitupa nyuma ya nyumba, akamdanganya mkewe kwamba ameimeza, je, hana hatia? Mlevi huenda hana hatia nzima ya kila kikombe cha jioni. Lakini akikataa mkono ulionyoshwa kwake asubuhi, akificha chupa chini ya paa, akichagua kwa kusudi njia ipitayo mbele ya nyumba ya mpika lotoko, hapo ametenda akiwa na hiari yake. Ni mgonjwa, na ni mtu pia. Kama asingekuwa mtu mwenye hiari, asingeweza hata kupona.

Kupima uzito wa hatia hiyo si kazi ya baraza. Mungu aujua, na padri hupewa sehemu ya kuujua katika Kitubio. Kazi ya kijiji ni nyingine.

Mikono mitatu ifunguayo

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mtumwa wa kileo ahitaji mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni wa mganga. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafula bila kuangaliwa. Katika siku za kwanza aweza kutetemeka vikali, kushikwa na kifafa, hata kuona vitu visivyokuwapo. Na wengine wamekufa. Watu wakidhani kwamba amerogwa au ameingiwa na pepo, wakamfunga kamba au kumpeleka kwa mpiga ramli, wapoteza saa za thamani. Yafaa apelekwe kwenye kituo cha afya au hospitali, apewe dawa, maji na chakula, na mtu wa kumlinda usiku. Kumpeleka kwa mganga wa hospitali si kukosa imani. Yule Msamaria mwema alisafisha vidonda kwa divai na mafuta kabla ya kumchukua majeruhi hadi nyumba ya wageni, na Bwana amemsifu.

Mkono wa pili ni wa wenzake. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walikutana walevi wawili: Bill Wilson, mtu wa biashara, na Robert Smith, mganga. Kila mmoja alikuwa amejaribu peke yake mara nyingi, akashindwa. Walipoanza kuongea kila mmoja akimfunulia mwenzake aibu yake, waliona kwamba tamaa ilipungua. Kutokana na mazungumzo hayo kikazaliwa chama cha walevi wasiotajana majina ya ukoo, ambacho sasa kimeenea duniani. Jambo la kwanza wanalokiri ni kwamba hawana nguvu mbele ya kileo. La pili, kwamba yuko aliye na nguvu kuwapita, awezaye kuwaponya. Mwaka 1939 sista mmoja Mkatoliki wa mji ule ule, Sista Ignatia, alisaidiana na mganga Smith kuwapokea walevi katika Hospitali ya Mtakatifu Tomaso, wakati hospitali nyingi ziliwafungia mlango. Hakuwauliza kwanza kama wanastahili. Aliwapa kitanda.

Mkono wa tatu ni wa Mungu mwenyewe, ashikaye mikono ile mingine miwili. Katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi, alizaliwa mwaka 1856 mtoto wa maskini, jina lake Matt Talbot. Alianza kazi akiwa mvulana katika ghala la wauza vinywaji, na kabla ya kuwa mtu mzima alikuwa mlevi kabisa. Mshahara wake wote uliishia kilabuni. Siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla maskini fidla yake, wakaiuza ili wapate kunywa. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, alikaa juma zima bila kazi na bila fedha. Siku ya Jumamosi alisimama njiani akingojea rafiki zake waliokuwa wamepokea mshahara, maana yeye alizoea kuwanunulia alipokuwa nazo. Wakapita mmoja mmoja. Hakuna aliyemkaribisha.

Ilikuwa saa yake. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba ataweka ahadi ya kuacha kileo. Akaenda kwa padri, akaungama, akaahidi. Na iangaliwe aliahidi kwa muda gani: miezi mitatu tu. Miezi hiyo ilikuwa migumu sana, hata akafikiri hataimaliza. Ilipokwisha, akaahidi tena kwa muda. Mwishowe akaahidi kwa maisha yake yote. Jioni, wakati miguu ilipozoea kwenda kilabuni, aliipeleka kanisani. Akalipa madeni yake. Akamtafuta yule mpiga fidla mji mzima, na alipomkosa akatoa fedha ili aombewe Misa. Aliishi zaidi ya miaka arobaini asionje kileo, mfanyakazi wa kawaida katika ghala za mbao, hadi alipoanguka njiani akienda Misa, tarehe 7 Juni 1925. Walipomvua nguo waliona amejifunga minyororo mwilini, ishara ya kwamba amejitoa kuwa mtumwa wa Bikira Maria. Aliyefungwa na kileo alichagua kufungwa na upendo. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alizithibitisha fadhila zake kuwa za kishujaa.

Akianguka tena

Lakini si wote wapatao neema ya Matt Talbot, na mkatekumeni wa Lusangi ameanguka tayari. Je, mtu aangukaye na kuinuka na kuanguka tena ana nafasi katika Kanisa?

Katika nchi ya China aliishi mganga Mkristu, jina lake Marko Ji Tianxiang. Aliwatibu maskini bila malipo. Siku moja aliugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, kama waganga wengi wa wakati ule. Dawa hiyo ikamshika. Alikwenda kuungama, akarudi, akaungama dhambi ile ile tena na tena. Mwishowe padri alimkatalia ondoleo mpaka aache, kwa kuwa alidhani hana majuto ya kweli. Wakati ule tabia ya ugonjwa huo haikujulikana bado. Marko aliishi karibu miaka thelathini bila Kitubio na bila Komunyo. Mtu mwingine angeona uchungu na kuliacha Kanisa. Yeye aliendelea kusali na kwenda kanisani, akiomba Mungu amjalie kufa shahidi, kwa sababu hakuiona njia nyingine ya kufika mbinguni. Mwaka 1900 waasi waliwashika Wakristu. Marko alikamatwa pamoja na jamaa yake. Aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo wa nyumba yake atakayekufa peke yake, kisha akafa naye. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mashahidi wenzake wa China.

Afyuni haikumwacha Marko, kadiri ijulikanavyo, hata siku ile. Lakini hakuacha kuinyosha mikono yake. Mungu, aonaye moyoni, alijua tofauti kati ya mtu aliyeanguka njiani na mtu aliyejenga nyumba yake shimoni.

Mzee wa kwanza alimtaja Mtakatifu Paulo, naye alisema kweli. Lakini hakusoma hadi mwisho. Paulo, akiisha kuwataja walevi na wakosefu wengine katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya sita, mara moja awakumbusha Wakorinto kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, nao wameoshwa na kutakaswa. Basi katika Kanisa la Korinto walikuwamo waliokuwa walevi. Nao walioshwa wapi, kama si katika maji ya Ubatizo?

Kardinali Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake wa Afrika wawaandae watu kwa miaka minne kabla ya kuwabatiza. Miaka hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kukariri maneno tu. Mtu mwerevu aweza kuyakariri kwa miezi michache. Iliwekwa ili mwenendo ugeuke, nao haugeuki kwa siku moja. Padri akimwambia mkatekumeni asubiri mwaka mmoja zaidi, hamfukuzi. Ampa muda wa kukomaa. Kungoja mlangoni mwa nyumba ya Baba si sawa na kuondoka.

Deni la kijiji

Yabaki kusema juu ya watu wa kando, kwani mnyororo una ncha mbili. Ncha moja i shingoni mwa mlevi. Ya pili mara nyingi i mkononi mwa jirani. Yule ndugu wa marehemu aliyeleta kikombe matangani hakumchukia mpwa wake, alifuata desturi. Hata hivyo mkono wake ndio ulioikaza pete. Yampasa kila Mkristu ajue nani katika ukoo anapambana, na ampe maji, soda au matunda kabla hajaulizwa. Desturi ya kunywa pamoja ni njema ikimkusanya ndugu. Ikimwua, si desturi ya ukoo tena.

Mpika lotoko naye ana la kufikiri, hata kama awalipia watoto karo ya shule kwa kazi hiyo. Anayeijua njaa ya nyumba ya jirani, na bado amwuzia baba wa nyumba hiyo kikombe cha kumi, hawezi kusema kwamba ameuza mahindi yake tu.

Mke wa mlevi asilaumiwe kwamba ndiye aliyemfukuza mumewe nyumbani kwa maneno. Yeye amebeba vya kutosha. Lakini yafaa pia asiwe wa kuficha: akimlipia madeni kimya kimya, akimdanganyia padri kwamba ana homa, amwondolea mumewe ile saa ya asubuhi. Aibu kidogo isemwayo kwa upendo huponya kuliko siri ndefu. Naye akipigwa, au watoto wakiwa hatarini, anayo haki ya kukimbilia kwa jamaa yake. Kumpenda mgonjwa si kukubali kuuawa naye.

Jibu la mkatekista

Mtu yule alikuwa angali mlangoni, mikono ikimtetemeka. Mkatekista akamwambia, «Mwanangu, daftari hili si langu, ni la Kanisa. Hukuja hapa ukiwa umelewa, umekuja asubuhi. Wataka jina lifutwe, au wataka kufunguliwa?»

Mtu yule akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, «Baba, siwezi peke yangu.»

«Hujaulizwa kama waweza peke yako,» mkatekista akajibu. Akavaa kofia yake, akamwita mke wa mtu yule na kijana mmoja mwenye baiskeli, nao wakaenda pamoja naye hadi kituo cha afya. Jina likabaki daftarini. Padri alipopata habari, aliandika kando yake kwamba Ubatizo utangoja mwaka mwingine. Na palipokuwa na matanga tena kijijini, mkatekista alifika mapema, akaketi karibu na mtu yule, na vikombe vilipoletwa akaomba maji kwa wote wawili.

Maswali ya kujibu pamoja na mkatekista

1. Mzee wa kwanza alisema kweli katika nini, na alikosa katika nini? Na mzee wa pili je?
2. Kwa nini Matt Talbot aliahidi kwanza miezi mitatu tu?
3. Kuna tofauti gani kati ya kuuliza «Waweza kuacha?» na kuuliza «Wakubali kufunguliwa?»
4. Katika kijiji chenu, ni nani ashikaye ncha ya pili ya mnyororo, na awezaje kuiachia?